Tuambiane kilichomo ndani ya chupa, bei ibaki dukani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye hivi karibuni aliandika kwamba watu wanaokutana kuelezana wiski wanazokunywa hawana wanachoelezana isipokuwa bei, na kwamba mtu anayeitaja chupa yake mbele ya wenzake huwa anautangaza mfuko wake. Sina ugomvi naye, kwa sababu hayo anayoyasema nimeyaona kwa macho yangu. Nimehudhuria sherehe ambazo chupa iliwekwa katikati ya meza, ikapigwa picha kabla ya kufunguliwa, kisha ikamiminiwa soda nyingi kiasi kwamba hakuna aliyejua ilikuwa na harufu gani. Lakini hapa Kigoma tuko watu saba ambao kwa miaka sita sasa tunakutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na tunalolifanya ni kinyume kabisa cha hilo analolilaumu. Naamini likielezwa vizuri litawafaa wasomaji wengi, wakiwemo wale wasiokunywa lakini wana ndugu wanaokunywa.

Mimi ni karani mstaafu wa bandari. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kulinganisha hati ya shehena na shehena yenyewe kabla mzigo haujapakiwa kwenda Bujumbura, Kalemie au Mpulungu. Hati iliposema katoni mia mbili za sabuni, nilizihesabu katoni zote na nikafungua moja nione kama ndani kuna sabuni kweli. Karani anayetia saini bila kuuona mzigo anajitafutia kesi, na anayeutazama mzigo bila kuisoma hati hajui alichokitazama. Nilipoanza kunywa wiski, nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, niliichukulia chupa kama nilivyolichukulia kasha: kwanza nisome imeandikwa nini, kisha nionje kama maandishi na kilichomo vinapatana. Ndiyo maana barua ya msomaji yule ilinigusa. Mtu anayeulizwa siku hizi anakunywa nini, naye akajibu kwa kutaja kiasi cha fedha, ametoa hati isiyosema lolote juu ya mzigo.

Kanuni zetu ni chache. Kila mmoja huja na chupa anayoinywa nyumbani kwake wakati huo, hata kama imebaki robo, na hairuhusiwi kununua chupa mpya kwa ajili ya kikao. Bei haitajwi. Kila mtu humiminiwa toti ndogo ya kila chupa, na halazimiki kuimaliza. Aliyekuja na pikipiki huiacha hapo uani akarudi kwa miguu au kwa bajaji. Tunaanza na harufu, tunafuatia ladha, na mwisho mwenye chupa huisoma lebo kwa sauti, neno kwa neno, na kuieleza kwa Kiswahili. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na nitairudia huko mbele. Niseme pia kwamba Kigoma na Ujiji ni miji yenye Waislamu wengi, ambao ni majirani zetu na wengine ni ndugu zetu wa damu. Kwa hiyo sisi hukaa ua wa nyuma, hatupigi kelele, na mwezi wa Ramadhani hatukutani kabisa.

Mwezi uliopita alianza fundi wa injini za boti, aliyekuja na Johnnie Walker Black Label iliyobaki nusu. Wapo wanaoidharau wiski hii kwa kuwa inapatikana kila mahali, nami naona wanakosea. Fundi alitueleza kwamba chanzo chake ni duka la vyakula la John Walker, lililofunguliwa mwaka 1820 katika mji wa Kilmarnock, Uskoti, na kwamba chupa ya mraba ililetwa baadaye na mwanawe Alexander, kwa sababu chupa za mraba hupangika vizuri ndani ya kasha, huingia nyingi zaidi na huvunjika chache safarini. Kwa mtu aliyemaliza ujana wake akiandika taarifa za vitu vilivyovunjika njiani, habari hiyo ilikuwa tamu kama kinywaji chenyewe. Hata hivyo kilichotuchukua muda mrefu ni ile namba 12 iliyo kwenye lebo. Mmoja wetu alidhani inahesabu miaka tangu chupa ilipofungwa; mwingine alidhani ni wastani wa wiski zote zilizochanganywa. Kwa sheria ya Uskoti, umri unaoandikwa ni wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo, ukihesabiwa kwa miaka iliyokaa ndani ya pipa la mwaloni. Kwa hiyo ndani ya Black Label inaweza kuwamo wiski ya miaka 15 au 20, lakini halimo hata tone moja lililokaa pipani chini ya miaka 12. Red Label, ya kampuni hiyohiyo, haina namba, maana yake mtengenezaji hakuahidi umri wowote zaidi ya ule wa chini unaodaiwa na sheria, ambao ni miaka 3.

Hapo Mzee wetu wa reli alinyamaza kidogo. Kisha alisema kwamba kabatini kwake ana chupa ya wiski aliyopewa na wenzake siku alipostaafu, na kwamba miaka yote hii amekuwa akiihifadhi ili izidi kukomaa mpaka mjukuu wake wa kwanza aoe. Ilibidi aambiwe ukweli, na kumweleza mtu mzima jambo kama hilo kunataka staha. Mwalimu, mwenzetu mwingine katika kundi, ndiye aliyelibeba jukumu hilo. “Mzee wangu, uniwie radhi,” alimwambia, “wiski hukomaa pipani tu. Ikishaingia kwenye kioo imekoma hapo. Ya miaka 12 itabaki ya miaka 12 hata ikae kabatini nusu karne.” Mzee aliuliza ni kwa nini, na swali lake lilistahili jibu kamili. Kinachoikomaza wiski ni mti. Mwaloni huipa rangi na harufu za vanila na viungo, hewa hupenya kidogokidogo kati ya mbao, ukali hupungua, na sehemu ya kilichomo huvukia na kupotea. Waskoti hukiita kilichopotea fungu la malaika, na kwao hufikia kama asilimia 2 kwa mwaka. Kioo hakiruhusu lolote kati ya hayo. Mzee alitikisa kichwa, akasema basi ataifungua Krismasi hii akiwa hai na mjukuu akiwa karibu, na akauliza kama ameiharibu kwa kuilaza. Tulimwomba aisimamishe mara atakapofika nyumbani, kwa kuwa pombe kali inapogusana na kizibo miaka mingi hukila, na aiweke mbali na dirisha linalopigwa na jua.

Chupa iliyofuata ilikuwa yangu, na ndiyo iliyotuweka uani hadi saa nne usiku. Ilikuwa Jack Daniel's, inayotengenezwa Lynchburg katika jimbo la Tennessee, Marekani. Mama mmoja katika kundi letu, ambaye ni mfanyabiashara wa mawese, aliinusa na kusema papo hapo kwamba anasikia ndizi mbivu zilizokuwa zimefunikwa kwenye tenga kwa siku tatu. Hakuwa amesoma popote kwamba wajuzi wengi wa wiski hiyo hutaja ndizi. Alisema alichokisikia, na alikuwa sahihi. Asilimia 80 ya nafaka yake ni mahindi, na sehemu iliyobaki ni kimea cha shayiri na nafaka iitwayo rai. Ikishakenekwa, yaani ikishachemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa kimiminika tena, hutoneshwa taratibu kupitia tabaka nene la mkaa, ndipo iingie kwenye pipa jipya la mwaloni ambalo ndani yake limechomwa kwa moto. Upya huo wa pipa si hiari ya fundi mmoja mmoja. Kwa wiski ya mahindi iitwayo bourbon, sheria ya Marekani inataka mahindi yasipungue asilimia 51 na chombo cha kukomazia kiwe cha mwaloni mpya uliochomwa. Pipa likishatumika mara moja halifai tena kwa kazi hiyo, na mengi huvushwa bahari hadi Uskoti, ambako huanza maisha mengine na wiski ya shayiri. Mama alilielewa jambo hili haraka kuliko sisi wanaume. Dumu lililowahi kubeba mawese, alisema, ulioshe kwa maji ya moto na sabuni mara kumi, bado maji utakayoyatia yatakuambia kulikuwa na nini kabla yako. Waskoti hulichukua pipa la Wamarekani kwa sababu hiyohiyo: wanautaka ule ukumbusho.

Kisha nilieleza jambo ambalo kwa muda mrefu halikuwamo katika simulizi rasmi ya wiski hii. Jack Daniel alianza kujifunza kukeneka akiwa kijana, katika shamba la mhubiri aitwaye Dan Call, na kwa miaka mingi hadithi ilisimuliwa kana kwamba mhubiri ndiye aliyemfundisha. Aliyemfundisha ni Nathan Green, ambaye watu walimwita Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa katika shamba hilo. Baada ya utumwa kukomeshwa Marekani na Daniel kuanzisha mtambo wake, Nearest Green ndiye aliyekuwa fundi mkuu wake wa kwanza, na wanawe walifanya kazi hapo baada yake. Kampuni ilianza kulitangaza jina lake waziwazi mwaka 2016. Ndugu Mhariri, habari hiyo huwezi kuisimulia Kigoma kama unavyoweza kuisimulia mahali pengine. Kilomita chache kutoka ua tuliokaa ni Ujiji, ambako misafara ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo ilianza safari kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Bibi mzaa mama yangu alizaliwa Ujiji, na alipokuwa akitusimulia habari za wazee wake yapo majina aliyoyatamka na yapo ambayo hakuyajua. Nilipomaliza kumweleza Nearest Green hakuna aliyesema neno kwa muda. Baadaye muuguzi aliyekuwa upande wangu aliomba nimmiminie tone jingine, na akasema anataka kuionja upya sasa kwa kuwa anamjua aliyeitengeneza. Nimefanya kazi na hati za shehena maisha yangu yote, na sijawahi kuona hati iliyokosa jina kubwa kiasi hicho kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kama tungekuwa tumekutana kutajiana bei, jina hilo lisingetajwa.

Muuguzi mwenyewe alikuwa na Laphroaig ya miaka 10, aliyoletewa na mpwa wake aliyerudi kutoka masomoni Uskoti. Inatoka kisiwa cha Islay, ambako mtambo wake umekuwapo ufukweni tangu mwaka 1815. Mtu asiyeijua akiinusa kwa mara ya kwanza hurudisha glasi mezani, na wawili kati yetu walifanya hivyo. Muuguzi alisema anasikia wodi iliyopigwa deki kwa dawa asubuhi, na iodini juu ya bandeji. Mama wa mawese alipinga. Yeye alisikia migebuka iliyobanikwa, harufu inayokupokea unapoteremka mwalo wa Kibirizi. Fundi akasikia lami na kamba za meli zilizolowa. Tulibishana, na kwa maoni yangu huo ndio ubishi bora tuliowahi kuwa nao, kwa kuwa wote watatu walikuwa wakiitaja familia moja ya harufu. Huko kisiwani kuni zilikuwa adimu, hivyo watu walichimba mboji nyeusi ya kwenye vinamasi, iliyogandamana kwa maelfu ya miaka, wakaikausha na kuichoma kukaushia kimea. Moshi wake hubeba kemikali za jamii ya fenoli, ambazo hukaa kwenye punje za shayiri na kuvuka nazo hadi ndani ya chupa. Dawa za zamani za kuua vijidudu, lami na moshi wa samaki vyote vina fenoli ndani yake. Kumbe kila mmoja alisema kweli kwa kadiri ya maisha aliyoishi.

Hapo ndipo ninapomjibu hasa msomaji mwenzangu. Kama muuguzi angekuja akasema kwamba chupa hii ni ghali na ni ya wachache, sote tungeitikia kwa heshima na kuinywa kimyakimya, na wale wawili walioirudisha glasi wangejilazimisha kuisifu. Kwa kuwa aliuliza tu tunasikia nini, tulipata ukweli wa watu watatu na ukweli wa wawili walioichukia, nao pia nauheshimu. Mtu ana haki ya kusema kwamba wiski yenye sifa duniani kote haimpendezi.

Wiski nyingine nitazipitia kwa ufupi. Mwalimu alileta Jameson ya Ireland, laini kama ilivyo kawaida ya wiski zinazokenekwa mara tatu, na hatukuwa na la kuongeza. Kijana wetu wa benki alileta Amrut ya India, na hiyo nitaisemea kidogo, kwa sababu inatengenezwa Bengaluru, katika nchi ya joto, ambako fungu la malaika ni kubwa kuliko la Uskoti mara kadhaa na wiski hukomaa kwa miaka michache. Mwaka 2004 watengenezaji wake waliamua kuizindua Glasgow, mbele ya Waskoti wenyewe. Tangu alipoijua habari hiyo, kijana huyo hukasirika akisikia mtu akisema kwamba nchi ya joto haiwezi kutengeneza wiski, na mimi niko upande wake.

Joto linanipeleka kwenye suala la maji na barafu, ambalo huwagombanisha wanywaji kila mahali. Wapo wanaohubiri kwamba wiski nzuri isiguswe na chochote. Kauli hiyo imetoka kwenye nchi ambazo chumba kina nyuzi 18. Kigoma mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, chupa iliyokaa kabatini ina joto la kukaribia nyuzi 30, na ukiinusa utapokea ukali wa pombe unaochoma pua na kuziba kila kitu kingine. Sisi huzisimamisha chupa ndani ya mtungi wa maji kwa saa moja kabla ya kuanza, shingo zikiwa nje, na hilo latosha. Maji tunayaongeza kwa kijiko, yaliyochemshwa na kupoa. Hatufanyi hivyo kwa kuiga tu: mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Sweden walionyesha, kwa kukokotoa kwenye kompyuta, kwamba pombe inapopunguzwa kwa maji, kemikali iitwayo gwayakoli, ambayo ni miongoni mwa zile zinazoleta harufu ya moshi, husogea kuelekea juu ya kimiminika, mahali ambapo pua inaweza kuipata. Anayetaka barafu tunampa barafu. Tunamwomba tu aonje kwanza kabla ya kuitia, ajue anachokipunguza.

Sasa niende kwenye jambo linaloniumiza. Miaka minne iliyopita nilinunua chupa katika duka moja ambalo sitalitaja, nikiwa na haraka ya kwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Ilikuwa na jina kubwa la Kiskoti na rangi nzito kama chai ya rangi iliyokolea. Nilifika, nikaifungua mbele ya wageni, na harufu iliyotoka ilikuwa ya spiriti na sukari iliyoungua. Mimi, karani niliyewafundisha wengine kusoma hati, sikuwa nimeisoma lebo. Nilipoivaa miwani niliona kwamba kwa herufi ndogo chini kabisa iliandikwa kwa Kiingereza kwamba hiki ni kinywaji kikali chenye ladha ya wiski. Kisheria huenda hawakusema uongo. Lakini wageni waliniamini mimi, nami niliiamini rangi. Na rangi ni shahidi dhaifu: hata Uskoti sheria yao, iliyopangwa upya mwaka 2009, inaruhusu kuongeza rangi ya karameli tupu pamoja na maji, na si kitu kingine chochote. Wiski nyeusi si lazima iwe ya zamani, na wiski ya rangi ya majani makavu inaweza kuwa imekaa pipani miaka 20.

Chupa ile ilikuwa halali. Hatari kubwa ziko kwenye zile zisizo halali. Sote tunakumbuka pombe za viroba zilivyopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, baada ya vifuko vile vya plastiki kuwafikia hata watoto wa shule. Tunaijua gongo, na tunajua kwamba pombe iliyokenekwa ovyo au iliyoghushiwa inaweza kuwa na methanoli, ambayo humpofusha mtu na kumuua. Mtu anapochukua chupa tupu yenye jina kubwa akaijaza uchafu wake, anategemea kwamba mnunuzi ataangalia jina tu. Ndiyo maana katika kikao chetu mwenye chupa hueleza pia alikoinunua, hali ya kizibo chake, na kama stempu ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato imekaguliwa kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Mara mbili tumewahi kuimwaga chupa baada ya ukaguzi huo, na mara zote mbili mwenye chupa alishukuru. Kama utajiri ndio uliokuwa mada yetu, asingethubutu kuileta hadharani.

Nina ombi kwa waingizaji wa vinywaji hivi na kwa mamlaka zinazowasimamia, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Chupa ya pombe kali inayouzwa nchini ibandikwe karatasi ndogo ya Kiswahili inayosema mambo manne kwa herufi zinazosomeka: kama ni wiski au ni kinywaji chenye ladha ya wiski, ilitengenezwa nchi gani, ina umri gani kama umri umetajwa, na ina asilimia ngapi ya pombe. Wiski ya Uskoti haiwezi kuwa chini ya asilimia 40. Mnunuzi anayeliona jina la Kiskoti juu na asilimia 30 chini yake atajua la kufanya. Dawa ya mafua huja na karatasi ya maelezo. Mbolea huja na maelezo. Kinywaji kinachoweza kumlevya mtu kwa toti tatu kinasomwa na wateja wengi kwa kukisia.

Asije mtu akaniambia kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Kimea ni neno letu, na kila aliyelelewa na bibi anayetengeneza togwa analijua. Shayiri, mwaloni, pipa na kukeneka yote yamo katika kamusi, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyaeleza. Kwenye harufu tuna utajiri ambao lebo za Kizungu hazina: asali ya nyuki wadogo na asali ya nyuki wakubwa, mvua ya kwanza juu ya vumbi, embe iliyoangukia jivu, karafuu iliyosagwa na karafuu nzima, ukoko wa ubwabwa, mawese mabichi na mawese yaliyopikwa. Hata jina la kinywaji chenyewe, kama Mwalimu anavyopenda kutukumbusha, ni tafsiri: Wagaeli wa Uskoti walikiita uisge beatha (ndiko lilikotoka neno wiski), maji ya uhai, wakilihamisha neno la Kilatini aqua vitae lililomo katika daftari za hesabu za mfalme za mwaka 1494, pale mtawa John Cor alipopewa kimea akitengeneze. Wao walilichukua neno la wageni wakalisema kwa lugha yao, na dunia nzima ikalikubali kwao. Sisi tuna sababu gani ya kuona haya kusema kwamba wiski fulani inanukia migebuka?

Gazeti lako, Ndugu Mhariri, huandika juu ya pombe pale inapoua barabarani au kodi inapopanda, na habari hizo ni za lazima. Ninakuomba uwape wasomaji nafasi, hata sentimita chache kwa mwezi, waandike wanakunywa nini na wamekuta nini ndani yake, iwe wiski, wanzuki wa Tabora au divai ya Dodoma, kwa sharti kwamba bei isitajwe. Msomaji niliyemjibu namkaribisha Kigoma Jumamosi yoyote ya mwisho wa mwezi. Treni ya reli ya kati itamleta, na Mzee wetu anaijua ratiba yake kuliko wengi walio bado kazini. Si lazima anywe. Glasi ya kunusa itamtosha, na maoni yake tutayaandika daftarini pamoja na ya wengine.

Kwa upande wangu, chupa iliyo mezani ninapoandika barua hii ni ileile Jack Daniel's, imebaki vidole viwili. Kizibo chake kilikuwa kizima nilipoinunua, stempu ilisomeka, na lebo inasema asilimia 40. Leo jioni upepo wa ziwa umeipoza bila mtungi. Ndizi bado zipo, mahindi ya kuchoma yamejitokeza nyuma yake, na mwishoni kuna mkaa mwepesi ambao Jumamosi ile sikuusikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani mstaafu wa bandari,
Kigoma